Rangi ya Chumba cha Mgeni

Katika mambo ambayo watu huyahesabu kuwa madogo, na kwa sababu hiyo huyaacha yajiamue yenyewe, rangi ya chumba ni mojawapo. Husemwa kwamba kila mtu na apende apendacho, na mithali imekwisha kutoa hukumu: kipendacho roho hula nyama mbichi. Hukumu hiyo ni ya haki kwa mtu apakaye rangi nyumba yake mwenyewe. Akichagua vizuri, hufurahi; akichagua vibaya, macho yake ndiyo yatakayolipa. Walakini iko nyumba moja ambayo mithali hii haiwezi kuihukumu, nayo ni nyumba ya kulala wageni. Katika nyumba hiyo aichaguaye rangi halali ndani yake. Alalaye ndani yake hakuichagua. Na aisafishaye kila asubuhi hakuichagua wala halali. Watu watatu wamefungwa kwa rangi moja, na haja zao ni mbalimbali. Basi liko swali jepesi kutamkwa na zito kujibiwa: katika chumba cha mgeni, rangi ichaguliwe kwa kufuata mapenzi ya nani?

Mji wa Dar es Salaam wafaa kuwa shahidi wa swali hili, kwa kuwa aina mbili za nyumba za wageni zimekaa humo karibu karibu, hata mtu aweza kutoka katika moja akaifikia nyingine kwa miguu. Upande wa bandari zimesimama hoteli kubwa. Mojawapo ilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa jina la Kaiserhof, na baadaye ikajulikana kwa jina la New Africa, ingawa jengo la leo si lile la zamani. Mwaka 1965, miaka michache baada ya uhuru, ilifunguliwa Kilimanjaro, ambayo tangu hapo imepita katika mikono na majina mbalimbali. Upande wa pili wa uwanja wa Mnazi Mmoja iko Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Huko neno hoteli aghalabu humaanisha mahali pa kula. Mahali pa kulala huitwa gesti. Hulala humo wafanya biashara waliotoka Mbeya, Songea na Mwanza, na wengine waliotoka Lubumbashi, Lusaka na Moroni, waliokuja kununua nguo, viatu na vyombo, nao hushiriki chumba na mizigo yao siku moja au mbili kabla ya safari ya kurudi.

Mtu aingiaye katika gesti ya kawaida ya Kariakoo mara nyingi hukuta ukuta uliogawanywa sehemu mbili. Sehemu ya chini, kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua, imepakwa rangi ya mafuta iliyokoza: kijani, kahawia, buluu, au ile nyekundu nzito ambayo Waswahili wameiita damu ya mzee. Sehemu ya juu ni nyeupe au ya rangi ya maziwa. Shuka ni la maua, na pazia ni zito. Katika hoteli kubwa ukuta ni wa rangi ya maziwa au ya mchanga kutoka chini hadi juu, na kitanda ni cheupe pe: shuka, foronya, na hata kifuniko cha juu. Weupe huo si wa kale sana katika biashara hii. Zamani hoteli nyingi duniani zilifunika vitanda vyao kwa matandiko ya rangi na maua. Mwaka 1999 kampuni ya Westin ya Marekani ilikitangaza kitanda chake cheupe, nyingine nyingi zikafuata, na leo kitanda cheupe kimekuwa kama sare ya hoteli za dunia.

Kabla ya kuamua ni ipi iliyo bora, yafaa kutazama jinsi lugha yenyewe inavyozihifadhi rangi. Kiswahili kina sifa tatu tu za rangi ambazo hupatana na majina kwa viambishi vya ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine, karibu zote, zimeazimwa majina kutoka katika vitu. Kijani yatokana na majani, kijivu na majivu, kahawia na kahawa, manjano na kiungo cha jikoni, zambarau na tunda, samawati na mbingu. Wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walidai mwaka 1969 kwamba lugha za dunia huanza kwa majina ya weusi na weupe, kisha wekundu, ndipo zifuate rangi nyingine. Na ijapokuwa wengi wamebishana nao, Kiswahili hakikuwaangusha. Lakini lililo kubwa zaidi ni hili, kwamba msemaji wa Kiswahili atajapo rangi hutaja kitu. Apakaye ukuta rangi ya kijivu ameingiza majivu chumbani, hata kama hakukusudia. Hakuna rangi iingiayo nyumbani mikono mitupu. Weupe ni rangi ya kanzu ya Ijumaa, na ni rangi ya sanda. Wekundu huonya na hubembeleza. Taa nyekundu mlangoni mwa nyumba ya wageni huwaambia wapitao habari ambayo mwenye nyumba pengine hakutaka isemwe. Na nyeusi, nyeupe na nyekundu zikikutana katika kanga ya kisutu huwa rangi za harusi. Basi mgeni mmoja akilazwa juu ya weupe huona usafi. Mwingine, aliyetoka mazikoni juzi, huona jambo jingine.

Wanafalsafa nao hawakupatana. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya uamuzi, alitoa mfano wa rangi ya urujuani: kwa mtu mmoja ni laini na ya kupendeza, kwa mwingine imekufa na kufifia. Aliona kwamba katika mambo yazipendezayo hisi kila mtu ana ladha yake, na kwamba ni upuuzi kumshitaki mwenzi kana kwamba amekosa. Johann Wolfgang von Goethe, aliyechapisha kitabu kikubwa cha elimu ya rangi mwaka 1810, alishika njia nyingine. Yeye aliona kwamba kila rangi ina tabia yake na kazi yake juu ya moyo: manjano huchangamsha, buluu hukifanya chumba kionekane kikubwa, lakini kitupu na chenye baridi, na kijani hulituliza jicho, kwa hiyo yafaa kwa vyumba vya kukaa kila siku. Wa kwanza alisema kweli juu ya watu, wa pili alisema kweli juu ya rangi, ila hapana kati yao aliyekuwa na gesti. Goethe alizigawa rangi mbalimbali kwa vyumba vya nyumba yake huko Weimar, naye aliwajua watakaoketi humo. Mwenye nyumba ya wageni hamjui atakayebisha hodi saa nne za usiku. Tena joto la pwani hubadili hukumu: baridi ambayo Mjerumani aliihesabu kuwa kasoro ya buluu, alalaye katika chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa Februari huihesabu kuwa sadaka. Basi mwenye nyumba hawezi kuifuata roho ya kila mgeni, wala hana haki ya kuwalaza wote katika roho yake.

Kutokana na shida hiyo rangi ya maziwa imepata cheo chake. Haimpendezi mtu sana wala haimchukizi. Wako waionao kuwa ni woga, wakisema kwamba mwenye hoteli ameogopa kusema neno, akanyamaza kwa rangi. Walakini adabu nayo yaweza kufanana na woga ikitazamwa kwa mbali. Mwenyeji asiyemjua mgeni wake huanza kwa maneno ya watu wote: karibu, pole na safari, pumzika. Hakuna awezaye kumlaumu kwa kutoyatoa ya moyoni mwake mlangoni. Rangi ya maziwa ni salamu, na salamu ni njema. Kosa huwa pale ambapo baada ya salamu hakuna mazungumzo, mgeni akaamka asubuhi asijue kama amelala Dar es Salaam au Dubai. Hoteli nyingi zimeutambua upungufu huo, zikatandaza kipande cha kitenge miguuni pa kitanda cheupe na kutundika ukutani picha ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora picha zake mjini humu kwa rangi za mafuta za dukani. Kwa hiyo rangi ya watu wa kawaida imepanda ngazi ikafika chumba cha tajiri, nayo imestahili. Ila pambo lisidhaniwe kuwa ndio ukarimu. Mkeka wa ukindu wa rangi nyumbani kwa Mswahili hutandikwa ili mgeni aukalie, si ili autazame.

Liko shauri zito kuliko la kupendeza, nalo ni la ukweli. Watetezi wa weupe husema hivi: shuka jeupe haliwezi kusema uongo. Tone la chai, unywele mmoja, alama ya kidole, vyote hujitangaza. Mwenye hoteli atandikaye weupe amempa mgeni ushahidi dhidi yake mwenyewe, kama mwuza asali amwachaye mnunuzi aonje kabla ya kulipa. Kinyume chake, rangi iliyokoza na maua mengi huficha, na afichaye ana la kuficha. Mithali zasimama upande wao: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa hoja hii hoteli ya bandarini ni mkweli, gesti ya Kariakoo ni mwongo, na kesi imekwisha.

Kesi haijakwisha, maana shahidi mmoja hajaitwa. Shahidi huyo ni mhudumu wa chumba. Weupe haujioshi. Shuka jeupe lataka maji mengi, sabuni, dawa ya kung'arisha, jua la kuanikia na pasi. Lataka na shuka la pili la kutandikwa wakati lile la kwanza lingali kambani. Katika hoteli kubwa kazi hiyo hufanywa kwa mashine, na gharama yake imo katika bei ya chumba. Katika gesti ndogo hufanywa kwa mikono, katika beseni, uani au juu ya paa. Na maji ya bomba yakikatika, hununuliwa kwa madumu. Wakati wa masika nguo hukataa kukauka. Tena madoa ya mji huu yana ukaidi wake. Hina na piko za mwanamke aliyetoka harusini, mafuta ya nywele, rangi ya vitenge vipya vilivyofunguliwa kitandani vikahesabiwa: hayo hayaondoki kwa kusuguliwa mara moja. Kwa hiyo mwenye gesti akiuiga weupe wa bandarini, asinunue jozi ya pili ya mashuka, wala tangi la maji, wala asiongeze mshahara, ametoa ahadi kwa mdomo wake na kuilipa kwa vidole vya mtu mwingine. Na akimkata mhudumu ujira kwa ajili ya shuka lililokataa kutakata, basi weupe ule umetakata machoni pa mgeni na kuchafuka mbele ya haki.

Rangi iliyokoza nayo yastahili kusikilizwa upya. Ukuta wa gesti haukugawanywa sehemu mbili kwa ajili ya udanganyifu peke yake. Chumba ni kidogo. Mafurushi na maboksi huukwaruza ukuta. Mgeni huuegemea akivua viatu. Na kila siku mgeni mwingine huingia. Chokaa nyeupe, ambayo kwa karne nyingi ilichomwa kutokana na matumbawe ya pwani ikazipa nyumba za mawe nuru na ubaridi, huacha unga begani mwa aegemeaye na haivumilii kitambaa chenye maji. Rangi ya mafuta huvumilia: hupanguswa kwa sabuni asubuhi, ikarudi kung'aa. Sehemu ya juu ya ukuta, ambako mikono na mizigo haifiki, imeachwa nyeupe kwa akili vilevile, kwa kuwa katika majengo ya ghorofa yaliyosongamana vyumba vingi vina dirisha dogo au dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na weupe wa juu hulikuza lile jua dogo liingialo. Pazia zito nalo lina huruma yake. Mfanya biashara aliyesafiri usiku kucha katika basi, akashinda asubuhi sokoni, hutaka kulala mchana, na giza la pazia ni sehemu ya kile alicholipia. Ukuta wa kijani uliopanguswa leo ni safi kuliko ukuta mweupe uliopakwa upya juu ya uchafu wa mwaka jana. Hata weupe wajua kufunika: mkono mmoja wa rangi mpya huweza kulala juu ya ukungu na ufa, mgeni asijue mpaka harufu imwambie. Kwa hivi uongo haukai katika rangi iliyokoza, wala ukweli haukai katika weupe. Vyote viwili hukaa katika mtu.

Hapo mbishi ataweza kusema kwamba, kama ukweli umo katika mtu, rangi haina maana, na kila mwenye nyumba apake apendavyo. Lakini rangi zina tofauti moja ambayo haiondoki. Rangi iliyokoza humwacha mwenye nyumba peke yake na dhamiri yake: akisafisha, hakuna amwonaye, asiposafisha, hakuna amwonaye pia. Weupe humwita mgeni awe shahidi. Dhamiri njema haihitaji shahidi. Walakini biashara haiwezi kujengwa juu ya dhana kwamba kila dhamiri ni njema, wala mgeni aliyechoka hana nafasi ya kuzichunguza dhamiri za watu asiowajua. Kwa sababu hiyo mgeni anayo haki, si ya kuchaguliwa rangi zote za chumba, bali ya kupewa mahali pamoja pa kuonea. Mahali hapo ni pale mwili wake unapogusa, yaani shuka na foronya. Ukuta waweza kuwa wa damu ya mzee, pazia laweza kuwa la buluu, mlango waweza kuwa wa manjano; lakini malazi yawe meupe, au ya rangi nyepesi isiyoweza kuficha. Mhudumu naye ana haki, nayo ni kwamba weupe usiwe mkubwa kuliko maji, sabuni, muda na ujira aliopewa. Haki hizi mbili zikitimizwa, mapenzi ya mwenye nyumba hayakunyimwa kitu: yamebakiwa na kuta, milango, mapazia na kumbi, na humo kipendacho roho na kile nyama mbichi.

Si mara ya kwanza kwa neno rangi kukutana na haki mlangoni mwa hoteli za mji huu. Katika siku za ukoloni Dar es Salaam iligawanywa kwa mitaa ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi uwe mpaka kati ya mji wa biashara na Kariakoo. Katika hoteli za Wazungu rangi iliyotazamwa kwanza ilikuwa ya ngozi ya mgeni, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa kazi: kutandika, kufua, kupika. Aliufanya weupe wa shuka ambalo hakuruhusiwa kulilalia. Uhuru wa mwaka 1961 uliihukumu desturi hiyo kuwa batili, na leo mwenye fedha, wa rangi yoyote, hufunguliwa mlango. Hilo ni jambo kubwa, wala lisipunguzwe. Hata hivyo nusu ya swali la zamani imebaki chumbani kila asubuhi, mgeni anapoondoka na kitanda kikabaki kimevurugika: ni nani aufanyaye weupe huu, na amelipwa nini?

Mithali husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba ya wageni wenyeji ni wawili, mwenye nyumba na mhudumu wake. Mgeni akiwa amelala vizuri, na mwenye nyumba akiwa amepata faida, lakini mhudumu akarudi kwake na vidole vilivyobabuka kwa dawa na mshahara uliokatwa, mwenyeji mmoja hakupona, na mithali imetimizwa nusu. Kwa hiyo jibu la swali lililoulizwa mwanzoni si jina la mtu mmoja kati ya watatu. Rangi ya chumba cha mgeni na ichaguliwe na mwenye nyumba, maadamu nyumba ni yake. Lakini kabla ya kununua kopo la kwanza ajiulize ni deni gani linaloingia pamoja na rangi hiyo, na ni mfuko wa nani utakaolilipa. Akiona kwamba ni wake, apake kwa moyo mweupe, hata kama rangi yenyewe ni nyeusi.